Sauti ya Kaizari na Bei Yake

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikuwa studio nikitayarisha muziki wa kipindi chetu. Nikamwekea fundi mitambo wimbo mmoja wa zamani, nikamwambia, "Dada, huyu anayeimba hapa ni Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma." Akasikiliza kidogo, akavua hedifoni, akanitazama kwa huruma. "Kaka," akasema, "nadhani umechanganya rekodi. Huyu anayeimba ni mama."

Sikuwa nimechanganya rekodi. Na yeye pia hakuwa amekosea. Leo nataka kueleza jinsi sisi wawili tulivyoweza kuwa sahihi kwa pamoja, maana maelezo yake yana jambo zito ndani yake.

Wengi wetu tulimfahamu Kaizari kwa njia ya kitabu. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu mtawala huyo, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo tunamwona akichomwa visu na watu aliowaamini. Tukimfikiria mtu huyo, jemadari aliyeshinda vita kila upande, tunamfikiria na sauti nzito ya kuamrisha, sauti ya ngoma kubwa. Hakuna anayemfikiria akiimba kwa sauti nyembamba.

Lakini mtunzi mmoja wa muziki alimfikiria hivyo, na watu wa London walimshangilia. Mtunzi huyo ni George Frideric Handel, Mjerumani aliyezaliwa mjini Halle mwaka 1685 na kuhamia Uingereza. Hata kama jina lake ni geni kwako, huenda umewahi kumsikia. Ile "Haleluya" kubwa ambayo kwaya huisimamia kidete siku za sikukuu ni kazi yake. Imo katika Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Handel aliishi kwa kutunga opera za Kiitaliano.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Wakati wa Handel mambo yaligawanyika sehemu mbili. Mazungumzo ya kusukuma hadithi mbele yaliimbwa harakaharaka, karibu na kusema, kwa kufuata kinanda cha nyuzi. Mhusika akishikwa na hasira, mapenzi au huzuni, hadithi ilisimama na yeye akaimba wimbo kamili. Wimbo huo ulikuwa na sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, kisha mwimbaji akairudia ya kwanza akiipamba kwa madoido yake mwenyewe. Hapo kwenye marudio ndipo watu walipokuja kumpima mwimbaji. Waingereza wengi hawakujua Kiitaliano, hivyo waliuziwa vijitabu vyenye maneno ya Kiitaliano upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Opera ninayoizungumzia inaitwa Giulio Cesare in Egitto, yaani Juliasi Kaizari huko Misri. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 20 Februari 1724 katika ukumbi wa King's Theatre, mtaa wa Haymarket, London. Maneno yake yalipangwa na Nicola Haym kutoka mchezo wa Kiitaliano wa zamani zaidi.

Hadithi inaanza mwaka 48 kabla ya Kristo. Kaizari amemshinda hasimu wake Pompeo na kumfuata hadi Misri. Cornelia, mke wa Pompeo, na kijana wake Sesto wanakuja kuomba amani. Kaizari anakubali. Mara analetewa zawadi kutoka kwa mfalme kijana wa Misri, Tolomeo. Zawadi yenyewe ni kichwa cha Pompeo. Tolomeo alidhani atampendeza mkubwa, kumbe amemchukiza. Baadaye Kaizari anasimama mbele ya majivu ya adui yake na kutafakari jinsi ukubwa wote wa binadamu unavyoishia kuwa vumbi. Wakati huo Cleopatra, dada yake Tolomeo anayegombea naye kiti cha enzi, anajigeuza mtumishi ili amnase Kaizari kwa mapenzi. Kuna njama, kuna vita, kuna Kaizari kujitupa baharini na kuokoka kwa kuogelea. Mwisho Sesto anamuua Tolomeo kulipiza kisasi cha baba yake, na Kaizari anamvika Cleopatra taji katika bandari ya Iskandaria. Wanahistoria watakwambia Tolomeo alikufa maji katika mto Nile na Sesto hakuhusika. Lakini opera haikuwa darasa la historia.

Sasa turudi kwenye swali la fundi mitambo. Usiku ule wa mwaka 1724 Kaizari aliimbwa na Francesco Bernardi, mzaliwa wa Siena, Italia, aliyejulikana kwa jina la Senesino. Alikuwa mwanamume aliyekaribia miaka arobaini, na sauti yake ilikuwa ya juu, mahali ambapo wanawake huimbia. Senesino alikuwa towashi. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hilo kutokana na yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume. Na mkulima anayelima kwa plau anajua fahali akihasiwa huitwa maksai, na umbo lake na tabia yake hubadilika. Tofauti ni kwamba huyu hakuwa fahali. Alikuwa mtoto wa watu.

Mvulana akihasiwa kabla ya kubalehe, koo lake halipanuki na sauti haigeuki kuwa nzito. Mwili mwingine, hata hivyo, unaendelea kukua, na kwa kukosa homoni ya kuusimamisha, mifupa ya miguu, mikono na mbavu hurefuka kupita kawaida. Hivyo anapofikia utu uzima ana nyuzi za sauti za mtoto, lakini kifua cha kuzipuliza ni cha mtu mzima mwenye mapafu makubwa. Ongeza miaka mingi ya mazoezi ya kila siku, unapata sauti ambayo watu wa zama zile waliielezea kama kitu kisichokuwa cha kawaida duniani. Katika masikio yao sauti ya juu yenye nguvu ilikuwa ndiyo sauti ya shujaa, na sauti nzito waliwapa wazee na makamanda wa daraja la chini. Ndiyo maana Kaizari alipewa sauti hiyo.

Unaweza kuuliza, jambo hili lilianzaje? Hapa naomba tusikilizane vizuri. Katika makanisa mengi ya Ulaya wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kuimba kwaya, kwa kufuata agizo la Mtume Paulo kwamba wanyamaze katika makusanyiko. Katika nchi zilizotawaliwa na Papa hawakuruhusiwa pia kupanda jukwaani. Lakini muziki uliandikwa wenye sauti za juu, na wavulana sauti zao hugeuka mara tu wanapoanza kuimudu kazi. Basi likatafutwa jibu lingine. Mwaka 1587 Papa Sixtus wa Tano alipiga marufuku matowashi kuoa. Mwaka 1589 Papa huyo huyo aliruhusu wawekwe katika kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Mlango wa ndoa ukafungwa, mlango wa kwaya ukafunguliwa. Opera ilipoanza kuwa biashara kubwa katika karne ya 17, ikawachukua hao hao na kuwalipa vizuri zaidi. Hata miji iliyowaruhusu wanawake jukwaani ikawataka matowashi, kwa sababu sasa walikuwa fasheni.

Waliopelekwa kukatwa kwa kawaida walikuwa watoto wa maskini. Baba mwenye watoto wengi aliambiwa mwanawe ana sauti nzuri, na kwamba sauti hiyo ingeweza kuilisha familia nzima. Kitendo chenyewe kilikatazwa na sheria na Kanisa, kwa hiyo kila mtoto alikuwa na kisa cha kueleza: huyu alianguka kutoka juu ya farasi, yule alishambuliwa na nguruwe. Mwaka 1770 mwandishi wa muziki wa Kiingereza, Charles Burney, alizunguka Italia akiuliza ni wapi jambo hilo linafanyika. Milan wakamwambia ni Venice. Venice wakasema ni Bologna. Bologna wakamwelekeza Florence, Florence wakasema Roma, na Roma wakamtuma Naples. Kila mji uliwapigia makofi waimbaji hao, na hakuna mji uliokubali kuwa kisu kilikuwa kwake.

Senesino alikuwa mmoja wa wachache waliofaulu. Alitajirika, akarudi kwao Siena, akafariki mwaka 1758. Wengi waliohasiwa pamoja na rika lake hawakupata jina. Sauti iliweza kukataa hata baada ya kisu, na hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba siku moja, akiwa Kaizari jukwaani, alimaliza kuimba kwamba Kaizari hajui woga, na papo hapo kipande cha mapambo kikaanguka kutoka juu, naye akalala chini akitetemeka na kulia. Watu walicheka sana. Mimi kisa hicho hakinichekeshi kama zamani, maana namwona mtoto aliyewahi kulala mahali pengine akitetemeka, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Watetezi wa mtindo ule walikuwa na hoja moja. Walisema sanaa kubwa ina gharama, na bila matowashi muziki huu mzuri ungekufa. Hoja hii nimeipima kwa ushahidi wa usiku ule ule wa 1724. Jukwaani pamoja na Senesino alikuwepo Sesto, kijana wa kiume anayelipiza kisasi cha baba yake, mwenye nyimbo kali za hasira. Aliyeimba nafasi hiyo alikuwa mwanamke, Margherita Durastanti, katika mavazi ya kiume. Handel mwenyewe ndiye aliyempa. Kwa maneno mengine, jibu lilikuwa limesimama hatua chache tu kutoka kwa Kaizari, mbele ya macho ya ukumbi mzima. Sauti za juu zenye nguvu zilikuwepo tangu mwanzo, kwa wanawake. Waliozinyamazisha wakaenda kuzitafuta kwa watoto wa maskini, kwa kisu.

Mtindo ulikuja kuisha. Ladha ya watu ilibadilika, wanaume wenye sauti za kawaida wakachukua nafasi za mashujaa, na mwaka 1824 Meyerbeer alitunga moja ya opera za mwisho kubwa kwa ajili ya towashi. Katika kwaya za Roma walidumu zaidi. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba sauti za juu kanisani ziimbwe na wavulana. Mmoja wa wa mwisho, Alessandro Moreschi, alirekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904, na rekodi hizo zipo hadi leo. Nimezisikiliza. Mashine ya wakati ule inakwaruza, na sauti inatoka kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa mto. Kazi yangu ni sauti, lakini ile sijapata kuizoea.

Moreschi alikufa mwaka 1922. Mwaka huo huo, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, Giulio Cesare ilifufuliwa baada ya kulala karibu karne mbili. Mara ya kwanza walimpa Kaizari sauti nzito. Baadaye watu wakarudia sauti ya juu aliyoiandika Handel, na leo nafasi hiyo huimbwa na wanawake, au na wanaume waliojifunza kuitumia ile sauti nyembamba ambayo kila mwanamume anayo. Hakuna anayekatwa. Wapo wanaosema ile sauti ya Senesino haitasikika tena, na ni kweli. Lakini nyimbo zote zipo, zinaimbwa, na kumbi zinajaa watu.

Basi niwafunulie kilichotokea studio. Rekodi niliyomwekea fundi mitambo ni ya mwaka 2005, kutoka Glyndebourne, Uingereza, na Kaizari wake ni Sarah Connolly. Yaani ni mama kweli kweli. Nilipomweleza hadithi yote hii, dada yule alikaa kimya, kisha akauliza swali moja: "Sasa kama mama alikuwa anaweza muda wote huo, kwa nini hawakumwachia aimbe?"

Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nilichomwambia, nawaambia na ninyi. Mtu akikwambia kwamba kitu kizuri hakiwezi kupatikana ila mtoto wa mwenzako aumie, kabla hujapiga makofi tazama pembeni yake. Huenda anayeweza kukifanya bila kumwumiza mtu amesimama pale pale, ila amekatazwa kufungua kinywa.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo, siku na saa kama hii.