Fistula: Kazi Inayobaki Baada ya Upasuaji

Matibabu ya fistula katika Hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, hutolewa bure. Hata hivyo, kwa muda mrefu wanawake wengi waliohitaji tiba hiyo hawakufika. Kilichowazuia ni nauli. Mwanamke anayetokwa na mkojo mchana na usiku hawezi kukaa sokoni wala kufanya vibarua, na wengi wamesharudishwa kwao na waume zao. Hata ndugu wakimchangia fedha ya tiketi, bado kuna safari yenyewe: kutwa nzima kwenye kiti cha basi, kanga zimelowa, abiria wa pembeni anageuza uso na kufungua dirisha.

Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutumia M-Pesa. Mtu anayejitolea huko mkoani, anayeitwa balozi, akimpata mgonjwa anapiga simu Dar es Salaam. Nauli inatumwa kwenye simu ya balozi, naye anakata tiketi na kumpandisha mgonjwa kwenye basi. Mgonjwa anapokewa anapofika, na balozi anatumiwa ahsante yake. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Kuna mtu tu aliyekaa akafuatilia njia yote anayopita mwanamke huyu, kuanzia mlangoni kwao, akaona pale anapokwama.

CCBRT si mali ya kanisa, lakini miongoni mwa walioisaidia tangu ianzishwe mwaka 1994 ni CBM, shirika lenye asili yake kwa mchungaji wa Kijerumani, Ernst Christoffel, aliyeanza kuwahudumia vipofu huko Malatya, Uturuki, mwaka 1908. Huduma nyingi za fistula Afrika zina mkono wa Wakristo kwa namna hii au nyingine. Kwa hiyo ni haki kuuliza huduma hizi zinafanya kazi vipi, na ni wapi zinaposhindwa.

Tuanze na jeraha lenyewe. Fistula ya uzazi hutokea mtoto anapokwama njiani wakati wa kujifungua. Kichwa chake hukibana kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga kwa siku mbili, tatu, hata zaidi. Damu haifiki sehemu iliyobanwa, nyama inakufa, kisha inatoboka. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye mkojo huanza kujitokea wenyewe, na kwa baadhi ya wanawake choo pia. Wengine huumia neva za mguu, wakabaki wanauburuza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupata jeraha hili kila mwaka. Ulaya na Marekani ya Kaskazini limekaribia kusahaulika, kwa sababu mjamzito anayechelewa kujifungua anafikishwa chumba cha upasuaji kabla nyama hazijafa.

Mama aliyepata jeraha hili amempoteza mtoto, afya na mara nyingi ndoa, vyote karibu kwa wakati mmoja. Juu ya hayo yanakuja maneno ya watu: amelogwa, ana laana, alizini na sasa anavuna. Hapa makanisa yetu hayana budi kujitazama. Mwanamke anayenuka mkojo huacha kwenda ibada bila kufukuzwa na mtu yeyote. Inatosha mara moja tu waumini wasogee na kumwachia benchi zima. Mhubiri naye akisema kwamba kila ugonjwa una dhambi nyuma yake, amemfungia mlango kabisa.

Injili ya Luka, sura ya 8, ina habari ya mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Anapona kwa siri, kwa kugusa upindo wa vazi, na angeweza kuondoka kimyakimya. Yesu anasimama, anauliza ni nani aliyemgusa, na mwanamke analazimika kujieleza mbele ya umati. Niliposoma habari hiyo zamani niliona kama anaaibishwa. Sasa naisoma pamoja na wodi za fistula. Mwili ulikuwa umeshapona, lakini watu waliomtenga kwa miaka 12 walikuwa bado hawajajua kwamba wanapaswa kumpokea. Ilibidi waambiwe, tena waambiwe na mtu ambaye neno lake lina uzito kwao. Sehemu hiyo ya uponyaji haifanywi na daktari wa upasuaji.

Wanandoa madaktari, Reginald na Catherine Hamlin, mume kutoka New Zealand na mke kutoka Australia, walijifunza jambo hili kwa miaka mingi. Walifika Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu wa kufundisha wakunga. Walikuwa Wakristo waliochukulia kazi yao kuwa wito, na hawakuondoka tena. Mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula pekee. Reginald alifariki mwaka 1993, na Catherine mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Wanawake zaidi ya 60,000 wametibiwa kupitia kazi waliyoianzisha.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini mimi huvutiwa zaidi na yale waliyoyaongeza pembeni ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyepona alipewa gauni jipya la kurudi nalo nyumbani. Ukifikiri haraka utaona ni zawadi ndogo tu. Ukikumbuka kwamba kwa miaka kadhaa mwanamke huyu hajawa na nguo isiyolowa, unaelewa kwamba lile gauni linawaambia wanakijiji habari yote kabla hajafungua mdomo. Wagonjwa wa zamani waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa wapya. Anayekubadilishia shuka na kukufundisha kutunza mpira wa mkojo ni mtu aliyelala kitanda kama chako, na mbele yake huna cha kuficha. Mmoja wao, Mamitu Gashe, alifika akiwa msichana aliyeumia katika uzazi na hakuwa amesoma shule. Alianza kwa kutandika vitanda. Reginald akamfundisha kupasua, akawa mtaalamu anayewafundisha madaktari waliotoka ng'ambo, na mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kikamtunukia medali ya dhahabu pamoja na akina Hamlin.

Lakini wapo ambao upasuaji haukuwakausha kabisa. Kwa ajili yao kilijengwa kijiji nje ya Addis Ababa, kinachoitwa Desta Mender. Mwanzoni kilikuwa makao: mwanamke anapewa nyumba, anaishi pale na wenzake, anatunzwa. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na hatari ndani yake, nayo ni kumzoesha mtu kwamba mahali pekee panapomstahili ni nyuma ya ua wa hospitali. Baadaye kijiji kikageuzwa kuwa mahali pa kupita, ambapo wanawake hufundishwa kazi na biashara, kisha hutoka kwenda kujitegemea. Mabadiliko hayo naona yalihitaji ujasiri kuliko kukijenga kijiji chenyewe. Mfadhili hupenda kuona nyumba iliyojaa watu anaowatunza, na ni vigumu kumwomba afurahie nyumba ambayo watu wanaondoka.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mambo ni mazito zaidi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, CEPAC, ilitarajiwa kuwahudumia wazazi. Wakaanza kuletwa wanawake waliobakwa na watu wenye silaha, wengine wakiwa wameharibiwa sehemu za uzazi kwa makusudi. Kushona jeraha na kumrudisha mwanamke huyo mahali palepale alipoumizwa hakukutosha. Kwa hiyo Panzi ikaunganisha mambo manne chini ya mkono mmoja: tiba, ushauri wa kisaikolojia, wakili wa kufungua kesi kwa anayetaka, na riziki. Nyumba ya kupokelea wanaotoka wodini inaitwa Maison Dorcas, kwa jina la yule mwanamke wa Yafa katika Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo. Huko kuna mafunzo ya kazi za mikono na vikundi vya kuweka na kukopa. Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na amekuwa akisema wazi kwamba hospitali haiwezi kuponya kinachoendelea kusababishwa na vita na kutoadhibiwa kwa wahalifu.

Dar es Salaam kazi ya riziki inafanywa na Kituo cha Mabinti, kilichoanzishwa mwaka 2007 chini ya CCBRT. Wanawake waliopona hujifunza kushona, kuchapa vitambaa, kufuma na kuendesha biashara, na bidhaa zao huuzwa ili kuendesha mafunzo. Swali gumu kwa kila kituo cha aina hii ni soko. Mkoba mzuri wa kitambaa hupata mteja Masaki, mtaa wa wenye uwezo jijini, ila aliyeushona anarudi kijijini ambako watu wanahitaji sare za shule na viraka. Ndiyo maana somo la biashara lina uzito sawa na lile la cherehani, na kuna miradi mingi ya parokia iliyowapa wanawake vyerehani bila kuuliza nani atanunua.

Kuna jambo jingine linalonisumbua, nalo ni picha. Ripoti nyingi za wafadhili hupambwa na uso wa mwanamke na jina lake, pamoja na aibu yake yote, kabla na baada. Alipewa fomu atie sahihi akiwa kitandani, mbele ya watu waliomtibu bure. Angewezaje kukataa? Miaka mitano baadaye, akiwa ameolewa wilaya nyingine, ile picha bado inazunguka. Shirika linaloamini utu wa mwanamke linaweza kueleza kazi yake bila kuuza siri yake.

Mwisho kuna kinga. Mwanamke aliyepona huambiwa kabla ya kuruhusiwa kwamba akipata mimba tena asisubiri uchungu nyumbani. Ajifungue hospitali, kwa upasuaji, maana kukwama kwa mara ya pili kunaweza kufumua kilichoshonwa. Akina Hamlin waliliona hilo, na mwaka 2007 kikafunguliwa chuo cha wakunga ili wahitimu wapelekwe vijijini. Mwanamke anayeokolewa na mkunga hatokei kwenye picha yoyote, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea: alijifungua, akarudi nyumbani na mtoto. Kwa hiyo umoja wa wanawake unaochangisha fedha za upasuaji wa fistula, jambo jema, uulize pia hospitali ya misheni iliyo karibu kama ina nyumba ya kusubiria wajawazito wanaotoka mbali, ina vitanda vingapi, na mkunga wa zamu ya usiku analipwa na nani.