Ujumbe wa maktaba na ujumbe wa muuza insha

Mzazi wa Maskati au Dubai mwenye mtoto chuoni Birmingham anajua kwa ghaibu bei ya ada, kodi ya chumba na tiketi ya ndege. Muulize maktaba ya chuo inamfaa nini mtoto wake, atakwambia ni nyumba ya vitabu. Kweli, lakini siku hizi maktaba imo pia ndani ya simu, na huduma hiyo ushailipia kwenye ada.

Birmingham ina vyuo vikuu kadhaa. University of Birmingham ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1900, na maktaba yake kuu ya sasa, kule Edgbaston, ilifunguliwa 2016. Viko pia Aston na Birmingham City University. Maktaba za vyuo vya Uingereza hazimngoji tena mwanafunzi afike mezani. Kwenye ukurasa wa maktaba huwekwa kisanduku cha kuchati: mtoto anaandika swali lake, na mkutubi, yaani mtaalamu wa maktaba, anamjibu. Baadhi ya vyuo vimeungana na wenzao wa ng'ambo, hata swali la saa nane za usiku likapata wa kulijibu, pengine mkutubi aliyeko Marekani ambako bado ni jioni.

Utasema: mbona wasitumie WhatsApp kama sisi sote? Wako wanaotumia. Nigeria na India zipo maktaba za vyuo zinazopokea maswali kwa WhatsApp, maana wanafunzi ndiko waliko. Uingereza wanakwenda kwa hadhari zaidi. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2018 inakibana chuo kuhusu namba za wanafunzi na mazungumzo yao, kwa hivyo vingi hupenda kutumia chombo chao wenyewe.

Jambo hili si dogo, kwa sababu WhatsApp ndipo wanapovizia wauza insha. Hawa huingia kwenye magrupu ya wanafunzi, hasa wageni, wakaandika kwa upole: kazi yako inakaribia mwisho? Tutakusaidia. Msaada wenyewe ni kukuandikia insha kwa pesa. Tangu 2022, kuuza kazi za namna hiyo kwa wanafunzi ni kosa la jinai England. Muuzaji ndiye anayeshtakiwa, lakini mtoto naye haponi: chuo kikigundua anaweza kupewa sifuri, hata kufukuzwa. Na akifukuzwa aliye kwa viza ya masomo, chuo hulazimika kuiarifu serikali, na viza yenyewe inakuwa mashakani. Wako pia wauzaji ambao baada ya kulipwa humrudia mwanafunzi na kumtisha: ongeza pesa au tunakusema chuoni.

Kuwatofautisha hawa wawili si kazi. Mkutubi hatakudai pesa na hatakuandikia insha. Atakuonyesha njia. Chukua mwanafunzi anayeandika juu ya historia ya Mombasa na Rabai. Akiuliza maktaba, ataelekezwa Cadbury Research Library, hapo hapo chuoni, zinakohifadhiwa nyaraka za wamisheni wa CMS waliofika pwani yetu karne ya 19. Ndiyo maktaba hiyo hiyo yenye kurasa za Qur'ani zilizotangazwa 2015, ambazo ngozi yake ilipimwa ikaonekana ni ya kati ya miaka 568 na 645. Swali la mistari miwili tu, na mtoto amefikishwa kwenye hazina ambayo muuza insha hana habari nayo.

Sasa tuseme ukweli. Watoto wetu tumewalea wasiwasumbue wakubwa. Sisi tuliosoma sekondari za wamisheni tulikuwa hivyo hivyo, na nilipokuja kusomesha nikawaona darasani: mtoto hakuelewa, lakini kusimama mbele ya wenzake arubaini akauliza, hathubutu. Anangoja kengele ilie, kisha anaazima daftari la mwenzake. Mtoto wa namna hiyo akifika Birmingham, na Kiingereza chake anakionea haya, atanyamaza zaidi. Kuchati kunamfaa huyu hasa. Hakuna anayemtazama usoni, hakuna anayesikia lafudhi yake, na anaweza kuandika sentensi yake, akaifuta, akaiandika upya kabla ya kuituma.

Na wewe mzazi, usijaribu kuiandikia maktaba kuuliza kama mwanao anahudhuria. Hawatakwambia. Kwao huyo ni mtu mzima, na sheria ile ile ndiyo inayowafunga mdomo. Muulize mwenyewe. Lakini badala ya "unasoma?", ambalo jibu lake tunalijua, muulize: "Wiki hii umemwuliza nini mkutubi?" Asipokuwa na jibu, mwambie afungue ukurasa wa maktaba ya chuo chake mkiwa bado mnaongea, atafute palipoandikwa kuchati, atume swali moja. Lolote, hata la jinsi ya kuazima kitabu. Mlango akishaubisha mara moja, mara ya pili hataona haya. Na yule anayejileta mwenyewe kwenye WhatsApp na bei mkononi, amzuie namba.