Dagaa Mmoja, Majina Matatu: Biashara ya Kompyuta Zinazojisomea

Kazi ya kuifundisha kompyuta ijisomee maandishi ya mtandaoni mfululizo na kujiwekea akiba ya maarifa ilipata mfano mashuhuri Januari 2010, wakati Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipoianzisha programu ya NELL. Programu hiyo ilipewa makundi ya vitu, kama miji na vyakula, pamoja na mifano michache ya kila kundi, ikachunguza maneno yanayoandamana na mifano hiyo, kisha ikayatumia kunasa mifano mipya. Hata hivyo, iliposoma habari za kufuta kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kompyuta, na ambazo kwa Kiingereza zina jina moja na biskuti, iliziweka katika kundi la vyakula vya kuoka, na kosa hilo likazaa mengine hadi binadamu walipolisahihisha.

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kosa la aina hiyo lina thamani ya fedha. Dagaa wa Ziwa Victoria, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana, huitwa omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda, ilhali dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, wa Ziwa Tanganyika. Mashine isiyolijua hilo itamhesabu samaki mmoja mara tatu, na bei ya Kigoma itaichukua kuwa ya Mwanza. Jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, lingeweza kuyaunganisha majina hayo matatu, lakini hukaa katika ripoti za watafiti, wala halisikiki sokoni, ambako bei hupatanwa kwa mdomo na kwa simu.

Kwa hiyo bidhaa adimu katika tasnia ya kompyuta zinazojisomea ni maandishi yaliyofafanuliwa na wajuzi. Mwaka 2021 watafiti wa mtandao wa Masakhane walitoa mkusanyo wa habari za vyombo vya habari katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ambamo majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe yamewekewa alama. Alama hizo huonyesha kwamba Kirumba ni mahali. Kubainisha kama ni mtaa wa Mwanza au mji wa Kivu Kaskazini, na dagaa anayetajwa ni wa ziwa gani, ni kazi ya ziada, na wenye ujuzi wa kuifanya wako mwaloni.