Programu ya Simu Imeundwa na Nini? Jibu Kutoka Mashamba ya Mihogo

Merikit, wilayani Tororo nchini Uganda, na ng'ambo ya mpaka katika kaunti ya Busia nchini Kenya, muhogo ni chakula cha kila siku na akiba ya wakati wa njaa. Maadui zake wakubwa ni magonjwa mawili. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano, na mkulima huiona kwa mbali. Michirizi ya kahawia ni hatari ya kimyakimya: shina linaweza kusimama vizuri, majani yakaonyesha dalili hafifu tu, kumbe mizizi imeshaoza ardhini. Wengi hugundua hasara siku ya kuvuna. Ugonjwa huo uliibuka upya Uganda mwaka 2004, na kama batobato, huenezwa na nzi weupe pamoja na vipando vinavyopelekwa kutoka shamba hadi shamba.

Katika programu za simu zilizotengenezwa kupambana na magonjwa hayo, inayostahili kuchunguzwa ndani ni PlantVillage Nuru. Ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, na simu inamwambia inaona ugonjwa gani. Haihitaji intaneti kutoa jibu. Ukielewa kwa nini haihitaji, umeelewa sehemu kubwa ya namna programu yoyote inavyoundwa.

Programu ya Android hufika kwenye simu ikiwa katika faili ya aina inayoitwa APK. Hilo ni furushi lililobanwa. Ndani yake mna maagizo yaliyoandikwa na waandaaji, picha, rangi, maneno yatakayosomwa kwenye skrini, na hati moja muhimu kuliko inavyodhaniwa: orodha ya sehemu zote za programu na ruhusa zote itakazoomba. Programu haiwezi hata kumuuliza mtumiaji ruhusa ambayo haikutajwa humo.

Google, wenye Android, hutaja sehemu nne za msingi. Ya kwanza ni skrini, ile ambayo mtu anaigusa: ukurasa wa kuchagua zao, ukurasa wa kamera, ukurasa wa majibu. Ya pili ni huduma, kazi inayoendelea hata mtumiaji akiwa ameondoka kwenye skrini, kama vile muziki unaoendelea kupigwa wakati mtu anasoma ujumbe. Ya tatu hupokea matangazo ya simu yenyewe, kwa mfano kwamba betri inakaribia kuisha au chaja imechomekwa. Ya nne hugawa data kwa programu nyingine. Ndiyo inayowezesha programu ya pesa kuchukua namba kutoka kwenye orodha yako ya majina, ukiiruhusu.

Sehemu hizo nne hazitambui ugonjwa. Kwa kazi hiyo Nuru hubeba kitu cha ziada, modeli, yaani faili iliyojaa namba zilizopatikana kwa kuifundisha kompyuta kwa picha. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo ya aina hiyo, wakianza na picha 2,756 za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Mafunzo yanahitaji kompyuta zenye nguvu. Kutumia kilichokwisha kufunzwa ni kazi nyepesi zaidi, na modeli ikipunguzwa ukubwa huenea kwenye simu ya kawaida. Hapo ndipo uamuzi wa busara ulipofanyika. Waandaaji wangeweza kuiweka modeli kwenye seva ya mbali na kuifanya kila picha isafiri mpaka huko. Wakaitia ndani ya simu, na shamba lisilo na mtandao likapata jibu.

Jibu lenyewe si la kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiongozwa na Latifa Mrisho wa IITA, uligundua kwamba Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini mche ulipopimwa kwa majani sita, usahihi wa Nuru ulipanda mpaka kati ya asilimia 74 na 88. Mtumiaji anayepima jani moja na kuondoka anajinyima sehemu kubwa ya manufaa.

Programu za pesa hazipangwi kama Nuru, ambayo kazi yake hufanyika ndani ya simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na huduma ya MTN ianze Uganda mwaka 2009, salio la mteja hukaa kwenye seva ya kampuni. Simu huonyesha tu kilichoandikwa huko. Mpaka mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, ndipo zikahamishiwa Kenya. Lazima salio likae kwenye seva. Lingekaa kwenye simu pekee, mjanja mmoja angeweza kulibadilisha, na simu ikipotea lingepotea nalo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa mji wa mpakani wa Malaba asiye na mtandao wowote anaweza kupima jani la muhogo, ila hawezi kumlipa aliyemuuzia.

Ruhusa zinahitaji uangalifu. Tangu Android 6.0, iliyotoka mwaka 2015, programu hulazimika kuomba ruhusa nyeti wakati wa matumizi, kama kamera na mahali mtu alipo. Programu ya mihogo ina sababu ya kutaka kamera. Programu ya tochi haina sababu ya kutaka majina ya ndugu zako, na ikiyaomba inyimwe. Kenya na Uganda zote zilipata sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, lakini kidole cha mwenye simu ndicho kinachotangulia.

Maneno ya kwenye skrini nayo hukaa peke yake ndani ya furushi, yakiwa yametenganishwa na maagizo. Kila lugha ina folda yake. Ya Kiswahili hutambulishwa kwa herufi mbili, sw. Simu ikiwekwa Kiswahili, programu huchukua maneno kutoka humo, na isipoikuta folda hiyo hurudi kwenye lugha ya waandaaji. Nuru ilitengenezewa Kiswahili. Kiteso, lugha ya wakulima wengi wa Merikit na ya ndugu zao wa Busia, kina alama yake ya kimataifa, teo, na orodha ya lugha inayotumiwa na watengenezaji wa simu inakitambua kwa nchi zote mbili, Uganda na Kenya. Kuijaza folda hiyo hakuhitaji modeli mpya wala seva. Kunahitaji mtu anayejua wakulima wa huko wanaviitaje batobato, kipando na nzi mweupe, na waandaaji walio tayari kumwita.