Arusi Mubashara: Tusiitwike Kompyuta Mzigo Isiouweza

Katika ndoa ya binti wa ndugu yetu, bibi yake aliyeko Muscat alikaa mbele ya simu tangu alasiri, akingojea kuishuhudia ijabu na kabuli. Bwana arusi alipopewa mkono, picha ikaganda. Iliporejea, wageni walikuwa wakinywa kahawa. Bibi hakutulaumu, aliuliza tu: “Wanangu, alijibuje?”

Siku ile tuliilaumu intaneti. Baadaye tulibaini kwamba intaneti ilikuwa nzima. Iliyozidiwa ni kompyuta.

Kompyuta inayorusha matangazo huwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Hupokea picha za kila kamera, huzichanganya kuwa picha moja, kisha huibana picha hiyo ipate kupita mtandaoni. Sisi tuliipa kamera tatu na kuiamuru irekodi pia.

Dawa ya kwanza ni kupunguza vipimo. Picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde huidai kompyuta nukta zaidi ya mara nne kuliko ile ya 1280 kwa 720 yenye fremu 30. Ndoa si mchezo wa mpira. Fremu 30 zatosha.

Pili, tuipunguzie prosesa kazi ya kubana. Programu ya OBS Studio, ambayo hutolewa bure, huweza kuikabidhi kazi hiyo NVENC katika kadi nyingi za NVIDIA, au Quick Sync katika prosesa nyingi za Intel. Rekodi nayo itumie picha ile ile iliyokwisha kubanwa kwa ajili ya matangazo, ili kazi isifanywe mara mbili.

Tatu, kamera za USB zisirundikwe katika tundu moja kwa kigawanyaji, kwani hugombania njia. Isiyotumika izimwe ndani ya programu, maana kufichwa tu hakuiondolei kompyuta mzigo wake.

Nne, turekodi kwa muundo wa MKV. Umeme ukikatika, kilichokwisha kurekodiwa husalimika. Faili ya kawaida ya MP4 iliyokatizwa huenda isifunguke kabisa.

Tukishuku hitilafu, tufungue dirisha la takwimu la OBS. Huko fremu zilizorukwa kwa sababu ya kubana huhesabiwa mbali na zile zilizopotea mtandaoni. Hesabu ya kwanza ikipanda, tuipunguzie kompyuta mzigo. Ya pili ikipanda, ndipo tuitazame intaneti.

Zaidi ya yote, ndugu msomaji, jaribio lifanyike siku moja kabla, kamera zote zikiwa wazi na chaja imechomekwa, kwa muda wa saa nzima. Dakika tano hazitoshi, kwa kuwa kompyuta ya mapajani ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe.

Ndoa haifungwi mara ya pili ili bibi aione.