Oili Ivujayo Katika Pikapu Kuukuu ya Dizeli

Pikapu ya dizeli, ijapokuwa kuukuu, ni msaada mkubwa kijijini: mchana huchukua mahindi sokoni, na usiku humpeleka mgonjwa hospitalini. Lakini mara nyingi asubuhi huonekana waa jeusi chini yake, na wenyewe husema, "Gari hili ni zee, halina budi kutoa jasho." Maneno hayo ni ya hatari. Oili ndiyo itengayo chuma na chuma. Ikipungua sana, vyuma husagana, hupata moto, na mwisho hushikana. Hapo gharama ya gasketi moja hugeuka kuwa gharama ya injini nzima.

Yatupasa kujua kwanza ya kuwa mahali oili idondokapo huenda sipo mahali itokapo. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Tone lililo chini ya sampo laweza kuwa limetoka juu kabisa, penye kifuniko cha vali. Wengi hufungua sampo, wakatia gasketi mpya, na kesho yake waa liko pale pale.

Basi na tufanye hivi. Injini ikiwa imepoa, tuioshe kwa brashi na maji ya sabuni, tusilowanishe nyaya za umeme, kisha tuifute ikauke. Tuiwashe, twende mwendo mfupi, tuizime, tuitazame kwa tochi tangu juu hata chini. Mahali palipo juu kuliko pote penye unyevu wa oili ndipo penye kosa. Katika Toyota Hilux za zamani zenye injini ya 2L, tutazame pia nyuma ya alteneta. Hapo pana pampu ndogo ivutayo hewa ili kusaidia breki, nayo hulainishwa kwa oili ya injini. Mpira wake ukipasuka, oili hutoka kwa wingi.

Kabla ya kununua chochote, tukague bomba la pumzi la injini. Sikuzote hewa kidogo hupenya kandokando ya pistoni na kuingia chini. Bomba likizibwa na uchafu, hewa hiyo hukosa njia, ikaisukuma oili itoke penye udhaifu wowote. Kulisafisha bomba huenda kukatosha. Lakini likiwa safi, na moshi ukatoka kwa nguvu tunapofungua kifuniko cha kutilia oili injini ikizunguka polepole, yamkini pete za pistoni zimechakaa, na sili mpya haitadumu.

Kosa likiwa ni gasketi, tuikwangue ile ya zamani yote pasipo kuchimba chuma, tupafute, tutie mpya, tukaze bolti kidogo kidogo kwa zamu, upande huu na upande huu. Anayekaza kwa nguvu zake zote hupinda bati la kifuniko, na kuvuja huzidi. Oili ikitoka kati ya injini na giaboksi, tumwite fundi, kwa kuwa sharti giaboksi ishushwe. Tusikawie, maana ikifika kwenye klachi, gari litanguruma lisipande kilima.

Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu yazuiwe kwa magogo. Oili chakavu isimwagwe karibu na kisima wala mto, kwani huharibu maji ya watu na mifugo.

Na asiye na fedha za matengenezo leo, na apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, aongeze ifike alama ya juu wala isiipite. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone humaliza oili yote. Heri tuligundue tone uani kwetu kuliko kuligundua njiani usiku, mgonjwa akiwa nyuma.