Desabre na Cúper: kocha mpya tunampima kwa kipimo gani?



Usiku wa Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, vijana wa makanisa yetu ya Masisi na Walikale hawakulala mapema. Kule Rabat, nchini Morocco, Léopards walikuwa wakicheza na Nigeria. Palipokuwa na umeme wa jua, watu walijazana mbele ya televisheni moja. Pasipokuwa nao, walizunguka redio, au simu ya mtu mmoja aliyebahatika kupata mtandao. Ilikuwa karibu saa sita ya usiku nahodha Chancel Mbemba alipofunga penalti ya mwisho. Barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale imekatwa na vita, na wanaoishi upande huu hawawafikii jamaa zao wa upande ule, lakini usiku ule kelele zilikuwa zile zile pande zote mbili.

Asubuhi yake tulianza kusikia sentensi moja kila mahali: "Huyu Desabre ndiye kocha; yule Cúper alitupotezea muda." Tuliisikia njiani, tukaisikia mlangoni mwa kanisa, tukaisikia hata katika kikao cha mashemasi kilichoitwa kuzungumzia mabati. (Mabati bado hayajazungumziwa.) Sisi pia tulipiga kelele usiku ule, hatutaki kujifanya watakatifu. Lakini tumeona ni vema kueleza polepole habari ya makocha hawa wawili, kwa sababu namna tunavyowapima inafanana sana na namna tunavyopimana sisi kwa sisi.

Héctor Cúper, wa Argentina, alikuja mwezi wa tano 2021 akiwa na jina kubwa. Aliwahi kuifikisha Valencia ya Hispania kwenye fainali ya Ulaya mara mbili mfululizo, 2000 na 2001, na mara zote mbili akashindwa, ya pili kwa penalti. Aliifikisha Misri kwenye fainali ya Kombe la Afrika 2017, akashindwa na Cameroon. Mwaka uliofuata aliipeleka Misri hiyo hiyo kwenye Kombe la Dunia, ambako haikuwa imefika tangu 1990, na huko ikapoteza mechi zote tatu. Basi alikuwa mtu wa kufika mlangoni na kurudi. Wengi wetu tulikumbuka ule mlango, tukasahau kurudi.

Alikuta timu gani? Hili ndilo linalosahauliwa. Alikuta Léopards waliokuwa wamekosa hata kufuzu Kombe la Afrika la 2021, kutoka kundi ambamo Gambia ndogo ilipita kwa mara ya kwanza katika historia yake. Akaanza mchujo wa Kombe la Dunia kwa sare ya 1-1 na Tanzania pale Lubumbashi, akapoteza huko Madagascar, kisha mwezi wa kumi na moja 2021 akashinda 3-0 Dar es Salaam na 2-0 dhidi ya Benin. Kundi likawa letu. Mwezi wa tatu 2022 tulibakiza mechi mbili tu kufika Qatar. Kinshasa tulitoka 1-1 na Morocco, Yoane Wissa akiwa amefunga. Casablanca tulipigwa 4-1. Mwezi wa sita, katika mchujo wa Kombe la Afrika, tukashindwa nyumbani na Gabon 1-0, kisha Sudan wakatufunga 2-1. Cúper akaondoka, na hatukusikia mtu aliyemlilia.

Sasa turudi kwa wale Morocco waliotupiga 4-1. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, kule Qatar, waliwatoa Hispania, wakawatoa Ureno, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mlango uliotufungia ulikuwa mzito kuliko tulivyodhani siku ile. Je, kuna mtu aliyerudi kusema, "Kumbe Cúper hakushindwa na watoto"? Sisi hatukumsikia, na wenyewe hatukusema.

Sébastien Desabre alichukua kazi mwezi wa nane 2022. Jina lake halikuwa kubwa. Alitoka Niort, timu ya daraja la pili Ufaransa. Lakini Afrika aliijua kwa miguu: alifundisha ASEC ya Abidjan, Coton Sport ya Cameroon, na timu ya taifa ya Uganda. Ndugu zetu wenye kumbukumbu nzuri watasema tulishakutana naye. Mwezi wa sita 2019, kule Cairo, ni Uganda yake iliyotufunga 2-0 katika Kombe la Afrika. Mtu aliyetuliza ndiye tukamkabidhi nyumba.

Alikuta mechi mbili zimepotezwa na nne zimebaki. Katika alama 12 zilizobaki alichukua 10: aliwafunga Mauritania 3-1 Lubumbashi, akatoka nao sare kwao, akashinda 2-0 Gabon na 2-0 dhidi ya Sudan pale Kinshasa. Na wachezaji hawakuwa wapya wote. Mbemba alikuwa yule yule. Wissa alikuwa yule yule. Hapo lazima tukubali kwamba huyu mtu kweli alileta kitu. Kocha wa taifa hana wachezaji kila siku kama kocha wa klabu. Anawapata siku chache, mara chache kwa mwaka, kila mmoja akitoka nchi yake, baridi yake na matatizo yake. Hawezi kuwafundisha kupiga mpira. Anachoweza ni kuamua nani asimame wapi, kurudia maamuzi hayo mpaka wazoeane, na kutotetemeka. Mpasi, Mbemba, Elia na Bakambu tuliowaona Abidjan 2024 ndio tuliowaona Rabat 2025. Huo uti wa mgongo haukubadilishwa kila mara watu walipolalamika.

Na tulilalamika. Tarehe 9 Septemba 2025 tuliongoza 2-0 dhidi ya Senegal, Kinshasa, tukashindwa 3-2. Usiku ule Desabre alikuwa Cúper, tusidanganyane. Kama angefukuzwa wiki ile, leo tungekuwa tunamtaja kwa sauti ile ile tunayomtajia mwenzake. Hakufukuzwa. Timu ilishinda mechi mbili zilizobaki, ikashika nafasi ya pili, ikaenda Rabat. Huko Mbemba akawafunga Cameroon dakika ya 91. Na dhidi ya Nigeria, penalti zilipokaribia, kocha alifanya jambo ambalo lingemfanya achekwe maisha yake yote kama lingeshindikana: alimtoa golikipa Mpasi aliyekuwa amecheza vizuri, akamwingiza kijana Timothy Fayulu. Fayulu akazuia penalti mbili.

Lakini hesabu ina upande mwingine. Ile Kombe la Afrika ya Côte d'Ivoire tunayoisifu, mwanzoni mwa 2024, tulicheza mechi saba tukashinda moja tu ndani ya dakika za kawaida, ile ya 3-1 na Guinea. Kundini tulitoka sare tatu. Misri tuliwatoa kwa penalti 8-7, baada ya golikipa wao kugonga mwamba na golikipa wetu kufunga. Mwamba ule ungekuwa juu kidogo tu, tungerudi nyumbani mapema. Cúper alipoteza fainali ya 2001 kwa penalti. Desabre aliingia robo fainali kwa penalti. Mmoja tunamwita mwenye mkosi, mwingine tunamwita fundi.

Kuna kitu kingine tumekiweka upande wa Desabre kwenye mizani, na si chake. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Siku zile zile watu wa Masisi walikuwa wakiteremka kwa miguu kupitia Sake, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuelekea Goma. Tuliopata kuiona picha ile hatutaisahau. Mechi tulipoteza 1-0, na hatukuhisi tumepoteza. Ishara ile ilitoka kwa wachezaji, haikuwa mbinu ya kocha. Ila yeye ndiye aliyekuwa kocha siku ile, basi upendo wetu ukamwangukia na yeye. Cúper hakupewa siku kama ile. Hatusemi upendo huo ni makosa. Tunasema tu umo ndani ya mizani, na anayepima ajue umo.

Sasa tuingie nyumbani, maana hapa ndipo tulipokuwa tunakwenda. Tangu vita vilipopanda Masisi, na hasa mwaka 2025, Masisi-centre na Goma zilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na vita vikafika hata Walikale-centre mwezi wa tatu, makanisa mengi yamejikuta na watumishi wawili. Yuko mzee aliyekimbia na washirika mpaka kambini karibu na Goma, akarudi kambi zilipovunjwa. Na yuko kijana, mara nyingi mwinjilisti asiye na cheti, aliyebaki akifungua kanisa Jumapili, hata walipokuwa watu saba. Mzee anaporudi anakuta maneno yamemtangulia: huyu alitukimbia, kijana ndiye mchungaji. Na kijana akisifiwa hivyo kila siku, mwishowe anaanza kuamini.

Tumekaa katika mabaraza kadhaa ya namna hii. Tunachouliza siku hizi kwanza ni maswali ya mechi ya Casablanca: huyu mzee alikutana na nini? Alikabidhiwa nini? Katika kanisa moja mzee alitoa daftari la shule lililolowa mvua. Ndani yake yalikuwa majina ya wote aliowazika kambini, wote aliowabatiza, na akina mama aliowagawia unga, kwa tarehe. Kijana hakuwa amewahi kuliona. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na baraza likamngoja. Baadaye kijana naye alieleza usiku aliolala chini ya madhabahu risasi zikipita juu ya mabati. Mzee hakuwa amewahi kuulizia hilo pia.

Wenye kusoma Samweli mnamjua Sauli na Daudi, na mnajua ule wimbo wa akina mama uliowahesabia mmoja maelfu na mwingine makumi ya maelfu. Wimbo ule ulimharibu Sauli kuliko Wafilisti walivyomharibu. Tunalosahau ni kwamba Daudi, aliposikia Sauli ameanguka Gilboa, hakuja kulinganisha. Alirarua nguo, akafunga mpaka jioni, akatunga maombolezo, akaamuru watu wa Yuda wafundishwe. Wimbo wa pili watu wachache wanaukumbuka.

Usiku ule wa Nigeria Desabre alikuwa bado hajafika Kombe la Dunia. Kongo ilikuwa imefika mara moja tu, 1974, ikiitwa Zaire, ikapoteza mechi tatu bila kufunga goli, moja kati ya hizo 9-0 na Yugoslavia. Mechi ya mwisho ya mchujo ilikuwa imebaki, kule Mexico, mwezi wa tatu 2026. Angeweza kushinda, angeweza kuwa mtu wa kufika mlangoni na yeye. Betri ya kanisa iliisha nguvu usiku ule wa Nigeria, penalti ya tatu, tukamalizia kwa redio. Vijana wameanza kuchangia nyingine. Mzee wa daftari ametoa faranga elfu mbili, na kijana ndiye anayeshika orodha.